Kompresa Iliyotoka kwenye Reli: Barua kwa Binti Yangu

Kisumu, Jumapili usiku

Binti yangu mpendwa,

Nyumbani sote hatujambo. Nyanya yako anauliza kila siku utarudi lini.

Umeniambia mwalimu wenu anataka kila mmoja aandike habari za kiwanda kimoja cha kompresa, yaani mashine za kubana hewa, ukaniuliza mimi ningechagua kipi. Ningechagua Atlas Copco ya Uswidi, kwa sababu hakikuanza na kompresa. Kilianza na reli.

Mwaka 1873, jijini Stockholm, Eduard Fränckel na wenzake, mwenye benki A. O. Wallenberg akiwemo, walianzisha kampuni iliyoitwa Atlas. Uswidi ilikuwa inajenga reli, nao wakaunda mabehewa na vifaa vyake. Baadaye kazi zikapungua, madeni yakaielemea kampuni, na mwaka 1890 ikabidi iundwe upya. Nikisoma hapo huikumbuka karakana yetu mwaka ule wa korona, nilivyokuwa nikifungua asubuhi na kufunga jioni bila hata pancha moja.

Sasa tazama kilichowainua. Karakanani mwao walikuwa wanapiga ribiti, zile pini za kuunganishia vyuma, kwa nyundo zinazoendeshwa na upepo uliobanwa, zilizotoka nje ya nchi. Wakaanza kuunda zao, za kutumia wenyewe, kisha wakaona zinaweza kuuzwa. Nyundo ya upepo haina kazi bila mashine ya kuusukuma huo upepo, na mwaka 1904 wakatoa kompresa yao ya kwanza. Hapa kwetu reli ilikuwa imefika ziwani miaka mitatu tu kabla ya hapo. Mwanangu, chombo walichokuwa wameshika mikononi kufanyia kazi nyingine ndicho kilichogeuka kuwa kazi yenyewe. Hapo usipapite haraka ukiandika.

Mwaka 1917 waliungana na kampuni ya injini za dizeli, wakaitwa Atlas Diesel. Mwaka 1948 wakauza upande wa injini wakabaki na upepo, na jina la sasa likaja mwaka 1956. Mwaka huohuo walinunua kiwanda cha kompresa huko Ubelgiji.

Kompresa yetu ni ya pistoni, unaijua kelele yake. Zile kubwa za viwandani nyingi ni za skrubu: vyuma viwili vilivyosokotwa huzunguka vikiwa vimeshikana, upepo ukiingia katikati yao hubanwa taratibu mpaka utokee upande wa pili. Mwaka 1994 wakaleta ya kubadilisha mwendo wa mota kulingana na upepo unaohitajika. Anayelipa stima ya karakana anajua uzito wa jambo hilo. Bei ya kununua kompresa huuma mara moja, lakini stima huuma kila mwezi.

Kuna jambo lingine ambalo ningependa mwalimu wako alisome. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, mimi huinama chini ya lile tangi jekundu nikafungua koki. Hutoka maji ya rangi ya chai, yenye kutu, na hapa karibu na ziwa hutoka mengi. Hewa ikibanwa hupata joto. Ikipoa ndani ya tangi, unyevu wake hugeuka maji. Kabla hujazaliwa, siku moja nilikuwa na haraka, sikuyamwaga, nikapuliza rangi mlango wa matatu. Kufikia jioni mlango ulikuwa na malengelenge kama kisigino cha mtu aliyevaa kiatu kipya. Niliukwangua wote usiku, nikarudia kwa rangi niliyonunua kwa pesa yangu mwenyewe. Tangu hapo sijawahi kuiwasha mashine kabla ya kumwaga maji. Ndiyo maana viwanda vinavyotengeneza kompresa hutengeneza pia vikaushio vya hewa. Kimoja kidogo cha kupulizia rangi nimekitamani miaka mingi.

Ukimwona mwalimu, muulize kikaushio cha kufaa tangi la lita 200 kinakula stima kiasi gani, uniandikie jibu. Ukija Desemba tutabadilisha bamba la vali pamoja. Linavuja, nalisikia likipumua hata mota ikiwa imezimwa. Nauli nitakutumia Ijumaa.

Ni mimi baba yako.