Nia ya kuua si ushahidi wa kuua: kuhusu Mafia na kifo cha Rais Kennedy

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua ili niseme machache juu ya makala mliyoichapa Jumapili iliyopita, ambayo kichwa chake kilitangaza kwa herufi kubwa kwamba Mafia, yaani magenge ya uhalifu ya Marekani, ndio waliomuua Rais John F. Kennedy wa nchi hiyo. Gazeti nililinunua karibu na mnara wa saa hapa Moshi, na kabla sijafika nalo nyumbani Majengo nikakuta nakala nyingine inasomwa kwa sauti kijiweni, penye kahawa, na kesi imekwisha kuamuliwa. Kijana mmoja aliuliza kama hao Mafia wana uhusiano na kile kisiwa chetu cha Mafia, wenzake wakamcheka. Mimi sikuona kwamba waliocheka walikuwa wanajua zaidi yake, kwa kuwa makala iliwapa hukumu bila kuwapa ushahidi.

Kwa miaka kadhaa niliitwa mara kwa mara kukaa kama mzee wa baraza katika kesi za mauaji, Mahakama Kuu ilipokuwa ikisikiliza mashauri yake hapa Moshi. Kwa faida ya vijana, mzee wa baraza si mwanasheria. Ni raia anayeketi na jaji, akasikiliza mashahidi wote, akauliza maswali yake, na mwishoni, jaji akishawaeleza wazee muhtasari wa kesi, kila mmoja hutoa maoni yake, ambayo jaji hafungwi nayo. Kesi nyingi tulizozisikiliza zilitoka migombani, kwenye ugomvi wa kihamba, yaani shamba la ukoo, na katika ugomvi wa kihamba marehemu anaweza kuwa na ndugu watano ambao kila mmoja alikuwa na sababu ya kutamani asiwepo. Tungekuwa tunahukumu kwa sababu hizo, tungewafunga wote watano kwa kosa la mmoja, au kwa kosa la mtu wa sita ambaye hakuna aliyemfikiria.

Makala yenu imejengwa karibu yote juu ya sababu, na sababu zenyewe sizikatai. Robert Kennedy, ndugu wa rais, alipokuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 1961, aliwaandama wakuu wa magenge kuliko yeyote aliyemtangulia. Carlos Marcello, bwana mkubwa wa New Orleans (na hapa niongeze jambo ambalo mwandishi wenu hakulitaja, kwamba mtu huyo alizaliwa Tunis, katika bara letu hili), alikamatwa Aprili 1961 na maofisa wa uhamiaji, akapakiwa ndege, akatupwa Guatemala. Alirudi, akashitakiwa, na siku ileile Kennedy alipopigwa risasi Dallas, tarehe 22 Novemba 1963, Marcello alikuwa mahakamani New Orleans akiachiwa huru. Santo Trafficante wa Florida alipoteza majumba yake ya kamari Havana baada ya mapinduzi ya Fidel Castro, na wenzake wengi waliona kwamba Kennedy hakufanya vya kutosha kuyarudisha. Chuki ilikuwepo, na fedha na watu wa kutumwa walikuwepo.

Lakini mwandishi ametuambia kwamba Kamati Teule ya Bunge la Wawakilishi la Marekani, iliyotoa taarifa yake mwaka 1979, ilithibitisha kwamba Mafia walifanya kazi hiyo. Kamati haikusema hivyo. Ilisema kwamba, kwa ushahidi iliokuwa nao, magenge ya uhalifu kama kundi moja la kitaifa hayakuhusika, ila ushahidi huo hauzuii uwezekano kwamba mtu mmojammoja kati ya wanachama wake alihusika. Tena juu ya Marcello kamati ilieleza kwamba ni mtu aliyefanikiwa kwa sababu ya uangalifu wake, na kwamba haielekei mtu wa namna hiyo angejiingiza katika jambo la hatari kiasi hicho. Aliyesema waziwazi kwamba anaamini Mafia walimuua rais ni mwanasheria aliyeongoza upelelezi wa kamati, Profesa G. Robert Blakey, na aliyasema hayo kwa nafsi yake baada ya kamati kumaliza kazi. Mtu anaweza kumheshimu Profesa Blakey, na mimi namheshimu, bila kuyageuza maoni yake kuwa hukumu ya baraza. Hapa nadhani neno letu la uhalifu wa kupangwa nalo linachangia kutupoteza, kwa kuwa msomaji akilisikia hudhani kila afanyalo mtu wa genge limepangwa na genge zima.

Kamati hiyo ilisema pia kwamba huenda palikuwa na njama, na mwandishi amelishika hilo kwa mikono miwili. Hakutuambia msingi wake ulikuwa nini. Ulikuwa kinasa sauti cha polisi wa Dallas, ambacho wataalamu walidai kimenasa risasi nne kupitia kipaza sauti cha pikipiki kilichokuwa wazi. Na kwa kuwa Lee Harvey Oswald, aliyekamatwa kwa mauaji hayo, alihesabiwa risasi tatu, ya nne ilihitaji mtu wa pili. Mwaka 1982 jopo la Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani lilipima upya na kuona kwamba sauti zile zilinaswa kiasi cha dakika moja baada ya rais kupigwa. Makala inayofika 1979 ikakataa kusogea hadi 1982 ni sawa na mzee wa baraza anayetoka nje kwenda kunywa chai shahidi wa utetezi anapopanda kizimbani.

Kuna jambo jingine katika makala ambalo lilisomwa kijiweni mara mbili, nalo ni maneno ya mfanyabiashara mmoja Mkuba aliyedai kwamba Trafficante alimwambia, mwaka mmoja hivi kabla ya mauaji, kwamba Kennedy atapigwa. Shahidi huyo aliitwa mbele ya kamati mwaka 1978 na kuulizwa alielewaje neno hilo, akajibu kwamba huenda lilikuwa na maana ya kupigwa kwa kura nyingi za wapinzani katika uchaguzi. Inawezekana alikuwa ameogopa, na mimi nisingemlaumu. Lakini msomaji wa Kiswahili anajua vizuri kwamba hata huku kwetu mgombea hupigwa na hafi, na alistahili kuambiwa sehemu zote mbili za ushahidi wa mtu yuleyule.

Sehemu ambayo mwandishi ameipitia kwa aya moja tu, na ambayo mimi ningekaa nayo siku nzima, ni kifo cha Oswald mwenyewe. Jumapili ya tarehe 24 Novemba, katika sehemu ya chini ya jengo la makao makuu ya polisi wa Dallas, mwenye kilabu cha usiku aliyeitwa Jack Ruby alipenya katikati ya polisi na waandishi akampiga mshitakiwa risasi. Tume ya Jaji Mkuu Earl Warren, iliyochunguza mauaji hayo, katika taarifa yake ya Septemba 1964, ilisema Ruby alitenda peke yake na kwamba hapakuwa na uhusiano wa maana kati yake na magenge. Kamati ya 1979 iliona kinyume juu ya hilo la pili: Ruby alifahamiana na watu wengi wa magenge, na katika miezi iliyotangulia mauaji alipiga simu nyingi mijini mbalimbali, nyingine kwa watu wa karibu na Jimmy Hoffa, kiongozi wa chama cha madereva wa malori. Mwenyewe alidai simu hizo zilihusu ugomvi wake na chama cha wasanii, na kwa sehemu kubwa maelezo hayo yalionekana kulingana na kumbukumbu.

Sasa wekeni kando simu, mtazame saa. Oswald alitarajiwa kuhamishwa kwenda jela ya wilaya kiasi cha saa nne asubuhi. Mahojiano yakarefuka, na mshitakiwa naye akaomba avae sweta kabla ya kutoka. Ruby wakati huo alikuwa katika ofisi ya simu za maandishi, jirani na kituo, akimtumia mmoja wa wacheza ngoma wake dola 25; stakabadhi yake ilipigwa muhuri saa 5:17. Risasi ililia saa 5:21. Mbwa wake alikuwa amemwacha ndani ya gari. Ikiwa huyu alitumwa na genge kumfunga mtu mdomo, basi alitumwa mtu aliyechelewa kazi yake kwa zaidi ya saa nzima na kuokolewa na sweta. Hayo yanapunguza sana uzito wa njama, na mwandishi angeyaweka mezani angekuwa ametenda haki.

Kwa upande wa pili, upande ambao ungemsaidia mwandishi lau angeutafuta, Ruby aliingiaje? Tume ya Warren ilisema alishuka kwa njia ya magari. Kamati ya 1979 ilitilia shaka jambo hilo, ikaona kuna uwezekano zaidi kwamba alipita uchochoroni na kushuka kwa ngazi za ndani. Milango ya njia hiyo inaonekana haikuwa imefungwa, na walinzi wa eneo lililo karibu na ngazi walikuwa wameondolewa muda mfupi kabla. Ikaona pia kwamba haielekei aliingia bila msaada, na kwamba polisi wa Dallas waliificha Tume ya Warren habari juu ya namna alivyoingia. Haya hayamtaji Marcello wala Trafficante. Yanawataja watu waliokuwa wamevaa sare.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa zaidi ya makala, kubwa kuliko kosa la 1979. Kwa kuwatupia Mafia mzigo wote, imeifanya serikali ya Marekani ionekane kama yatima aliyevamiwa na majambazi wasiojulikana. Kumbe majambazi hao ilikuwa inawafahamu kwa majina. Kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilieleza mwaka 1975 kwamba kuanzia 1960 shirika la ujasusi la CIA liliwatumia John Roselli, Sam Giancana na huyo Trafficante katika mipango ya kumuua Castro, vidonge vya sumu vikiwemo. Allen Dulles, aliyekuwa mkuu wa CIA mipango hiyo ilipoanza, aliteuliwa kuwa mjumbe wa Tume ya Warren, akaketi humo hadi mwisho bila tume kuambiwa. Robert Kennedy alikuwa ameelezwa Mei 1962, naye hakuiambia tume. Giancana aliuawa nyumbani kwake Juni 1975 kabla ya kutoa ushahidi, na Roselli, ambaye alitoa, alikutwa Agosti 1976 ndani ya pipa la chuma katika maji ya karibu na Miami. Marehemu haapishwi. Hivyo swali la kwamba Mafia walihusika au hawakuhusika limebaki bila jibu kwa sehemu kubwa kwa sababu waliopaswa kulijibu mwaka 1964 walikuwa na siri na watuhumiwa.

Taarifa hiyohiyo ya Seneti inatugusa sisi moja kwa moja, na nashangaa gazeti la Kiswahili limeipita. Inaeleza kwamba sumu ilipelekwa Leopoldville (leo Kinshasa) mwaka 1960 kwa ajili ya Patrice Lumumba, na kwamba miongoni mwa watu walioajiriwa na CIA kule Kongo alikuwemo mmoja aliyewahi kuwa mwizi wa benki na mghushi wa nyaraka. Nilikuwa mtoto Lumumba alipouawa Katanga, Januari 1961, na nakumbuka wazee walivyonyamaza. Moyo wangu ungependa sana kuandika kwamba yule mwizi wa benki ndiye aliyemuua. Kamati haikupata ushahidi kwamba Wamarekani walihusika moja kwa moja katika mauaji yenyewe, yaliyotekelezwa na watawala wa Katanga pamoja na maofisa wa Kibelgiji, kwa hiyo siandiki. Kipimo ninachokiomba kwa ajili ya Marcello, ambaye simpendi, nakikubali hata pale kinaponiuma.

Wala simaanishi kwamba magenge hayaui viongozi. Waziri Mkuu wa Serbia, Zoran Đinđić, alipigwa risasi mbele ya ofisi za serikali Belgrade tarehe 12 Machi 2003, na Mei 2007 mahakama iliwatia hatiani watu 12, wa genge la Zemun na wa kikosi maalumu cha usalama. Aliyefyatua bunduki alikuwa naibu kamanda wa kikosi hicho. Kolombia nako, mgombea urais Luis Carlos Galán aliuawa Agosti 1989 jukwaani, kazi ya wauza kokeini wa Medellín, na mwaka 2016 aliyehukumiwa miaka 30 kwa mauaji hayo alikuwa mkuu wa zamani wa idara ya usalama iliyokuwa na wajibu wa kumlinda. Katika kesi hizo mbili neno “inadaiwa” liliondolewa na majaji, baada ya mashahidi kuhojiwa, na mlango ambao genge liliingilia ulionekana.

Naomba basi, Ndugu Mhariri, mchape masahihisho juu ya kile Kamati ya 1979 ilichosema, na mwandishi wenu akirudi kwenye habari hii aanze na ngazi zile za Dallas.

Jioni ya Jumapili hiyo niliwaeleza vijana wa kijiweni haya kwa kifupi, na yule aliyeuliza juu ya kisiwa akaniuliza tena: mzee, ungekuwa wewe ndiye mzee wa baraza, ungesemaje? Nikamjibu kwamba kwa Marcello na Trafficante ningesema hawana kesi ya kujibu kwa ushahidi uliopo. Kwa Oswald ningesema ana kesi, na nzito. Na kabla sijasema lolote juu ya Ruby, ningemwomba jaji awaite tena wale walinzi walioondolewa karibu na ngazi, mmoja baada ya mwingine, aulizwe kila mmoja ni nani aliyempa amri ya kuondoka.

Wenu,
Mzee wa baraza mstaafu,
Majengo, Moshi