Usiwaambie habari za jembe

Morogoro, Jumapili jioni

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Huku mvua imeanza, Uluguru umejifunika ukungu tangu asubuhi, ndiyo maana nimepata muda wa kukujibu.

Unauliza kwa nini vijana wako wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) wanapoomba vyuo huiweka kozi yetu ya uchumi kilimo hapa chuoni mwisho kabisa, au hawaiweki. Lakini Hamisi, si unakumbuka shuleni ukichelewa namba asubuhi ulipewa nini? Jembe, na ngwe mbili za kumaliza kabla ya chai. Mtoto aliyefunzwa miaka sita kwamba shambani ndiko anakopelekwa mkosaji, leo tumwambie akalipie ada asomee huko? Mimi mwenyewe niliiweka ya tatu, na majina yalipotoka mzee alininunia wiki nzima. "Nimeuza mbuzi ukasomee kulima?"

Nasi tunaowaita hatuna maarifa. Vipeperushi vingi vya kozi za kilimo ni trekta, au binti aliyevaa koti jeupe ameshika nyanya anacheka. (Sijawahi kumwona mtu anayeichekea nyanya hivyo, hasa siku bei imeanguka.)

Kilichonifumbua macho ni kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa bei ya chini nje ya mnada rasmi. Mwaka jana binti mmoja wa huko kwenu kusini, mwaka wa kwanza, aliyekuwa akinung'unika kwamba alitaka uhasibu, alisema darasani kuwa mama yake huuza korosho kwa kangomba zikiwa bado mtini, ili apate ada ya wadogo zake. Wenzake wakamcheka, eti mama hajui hesabu. Nikachukua chaki. Chukulia Agosti kapewa 1,200 kwa kilo, na Novemba mnadani bei ni 2,400. Kwa kilo 100 amepokea 120,000 na ameachia 240,000. Hapo mama hakuuza korosho, alikopa, kwa riba ya asilimia 100 katika miezi mitatu. Darasa likanyamaza. Nikawauliza: nani mwingine angemkopesha Agosti, na kwa dhamana gani? Na serikali ikiikamata kangomba yote, ada itatoka wapi? Kipindi kiliisha wakibishana mpaka nje. Yule binti siku hizi hanung'uniki tena, ananisumbua kwa maswali.

Sasa wewe uko Newala, hazina yote umeikalia! Wanafunzi wako walikuwa wadogo mwaka 2018 wazazi wao walipoikataa bei mnadani, Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaja kubeba. Waulize walichokiona nyumbani: nani alilipwa mapema, nani alisubiri, nani alikuwa ameshauza kwa kangomba. Kisha waulize kwa nini korosho yetu nyingi hupanda meli na maganda yake kwenda kubanguliwa India na Vietnam, ilhali mikono ya kubangua tunayo. Wamekulia ndani ya somo hili, ila hawajaambiwa kwamba lina jina na shahada.

Jambo moja nakuomba, usiwaahidi ajira. Waliopita mikononi mwangu wako benki, wako vyama vya ushirika, kampuni za pembejeo, wengine utafiti. Na wapo walio nyumbani hadi leo, tena wenye alama nzuri. Ukimdanganya mmoja, mwaka unaofuata mtaa mzima unajua. Ila hesabu wanazozipenda watazikuta, hilo waambie bila wasiwasi. Na waambie jembe hatuna darasani.

Nataka kuja huko kabla hawajaanza kuomba vyuo. Niombee kwa mkuu wa shule vipindi viwili vinavyofuatana vya Kidato cha Sita, wala isiwe siku ya mahafali, maana siku ile hakuna anayesikiliza. Sitaleta vipeperushi. Kama unaweza, mtafute mzazi mmoja aliyewahi kuwa karani wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, akae nasi na stakabadhi zake za zamani, akubali kuulizwa maswali na watoto.

Nauli nitajitegemea. Shemeji mwambie anitafutie ming'oko tu, vile viazi pori vya huko, na akiichemsha asinikaushie maji yote.

Ndugu yako,
Kassimu