Barua kwa mwanangu: fomu ya mdogo wako sijaitia sahihi

Baba,

Tangu nilipokupa jina la babu yako sijaweza kukuita vingine, hata leo nikiwa nimekasirika.

Fomu ya kujiunga na jeshi la majini mliyoniachia mezani niliikuta asubuhi nilipotoka zamu ya usiku, mmeikandamiza kwa mkebe wa chumvi. Nimeisoma mara mbili, na mara ya tatu nikamwita mama jirani anisomee. Wewe una miaka 20, sahihi yangu huihitaji. Mdogo wako ana 17, na huyo bila mzazi hawamchukui. Juu ya fomu mmebandika kikaratasi cha njano: "Mama, tutaomba tuwekwe meli moja, usiwe na wasiwasi."

Ni hilo la meli moja lililoninyima usingizi. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo mtanijibu kwa Kiingereza, wawili kwa mmoja, na mtanishinda. Someni kwa sauti, Kiswahili chenu kimeanza kuingia kutu.

Mdogo wako alipopelekwa na shule kwenye lile jumba la makumbusho la mjini, alirudi na picha ya vijana watano wa Kizungu waliovaa sare za ubaharia, wanacheka. Niliibandika kwenye friji kwa sababu walinichekesha na mimi. Sikujua ni akina nani. Nilijua tu kwamba hapa Waterloo, mji wetu huu wa Iowa, Marekani, jina la Sullivan liko kila mahali, kama kwetu jina la mtakatifu. Baadaye mzee mmoja wa kanisani akanikalisha chini akanieleza, na tangu siku hiyo picha nimeihamishia chumbani kwangu.

Wale vijana wa picha ni ndugu wa tumbo moja, akina Sullivan: George, Francis, Joseph, Madison na Albert. Baba yao, Tom, alikuwa mtu wa reli. Mama yao aliitwa Alleta. Vijana walifanya kazi kiwanda cha nyama cha Rath, ambacho siku hizi hakipo. Watu wa nyama, kama mimi. Nikisimama na kisu changu kwenye ule mstari usiku, mikono imekufa ganzi kwa baridi, huwa nawaza huyo mama alifua nguo zenye harufu hii hii, tena za watu watano.

Desemba 1941 Wajapani walipopiga Pearl Harbor, kituo cha manowari za Marekani kule Hawaii, rafiki yao wa hapa hapa Iowa, Bill Ball, alikufa ndani ya manowari Arizona. Watano wakaenda kujiandikisha tarehe 3 Januari 1942, kwa sharti moja: popote pa kupelekwa, wapelekwe pamoja. Wakubwa wa jeshi la majini hawakupenda ndugu wakae meli moja, lakini walikuwa hawajakataza. Wakakubali. Albert, kitinda mimba kwa wavulana, alikuwa na mke na mtoto mchanga. Naye akaenda.

Wakapandishwa Juneau, meli ya kivita mpya kabisa. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Novemba 1942, karibu na kisiwa cha Guadalcanal katika Bahari ya Pasifiki, wakapigana na Wajapani gizani. Juneau ikapigwa topido, kombora la kwenda chini ya maji, ikawa inajikokota. Kulipokucha, ikiwa njiani kuondoka, nyambizi ya Kijapani, I-26, ikaifuma kwa topido nyingine. Ilipasuka na kuzama mara moja. Wenzao kwenye meli nyingine, kwa kuona moshi ule, walidhani hakuna aliyepona, na nyambizi ilikuwa bado iko chini yao. Wakaendelea na safari.

Kumbe watu kama 100 walikuwa hai majini. Ndege iliwaona, ila taarifa ikachelewa huko ofisini. Walikaa siku nane kwa kiu, jua na papa. Waliotolewa pale walikuwa 10. Waliokufa kwa meli ile ni 687.

George hakufa siku ile. Waliopona walisimulia kwamba alikuwa akitoka chelezo hiki kwenda kile, akiwaita wadogo zake kwa majina. Hawakuitika. Siku ya nne au ya tano akajitupa majini, hakurudi tena.

George ndiye aliyekuwa mkubwa, Baba. Kama wewe.

Huku nyumbani barua zikakatika. Krismasi ikapita. Jirani mmoja akamjia Alleta na barua ya mwanawe aliyekuwa huko vitani, kwamba amesikia watoto wote watano wa Sullivan wamekufa. Mji mzima ukawa unasema, isipokuwa serikali. Januari 1943 Alleta akaiandikia ofisi ya jeshi la majini, akiuliza kwa upole kama ni kweli, kwa sababu ana hofu. Katika barua hiyo hiyo akasema ameombwa kuzindua meli moja mwezi wa Februari, na hata ikiwa wanawe wamepatwa na jambo ataizindua, maana ndivyo wao wangetaka. Mzee yule alinisomea. Mimi nisingeweza. Ningekwenda kukaa mlangoni kwao mpaka waniambie.

Walikuja wenyewe mwezi huo huo, asubuhi, watu watatu. Husemwa kwamba Tom aliuliza ni yupi, akajibiwa ni wote watano. Ilikuwa saa yake ya kwenda kazini. Akamtazama mkewe, mkewe akamwambia aende, akaenda kuendesha treni. Zamani ningemshangaa mwanamume huyo. Siku hizi simshangai.

Serikali iliipa meli nyingine mpya jina lao, na Alleta mwenyewe akaizindua, Aprili 1943. Wakawazungusha wazee hao wawili kiwandani hadi kiwandani, wasimame mbele ya wafanyakazi na kuwaomba wazidishe bidii. Mwaka 2018 ndipo Juneau ilipoonekana, zaidi ya kilometa 4 chini ya bahari, huko Visiwa vya Solomon. Wazazi walikwisha kufa zamani. Sheria ya 1948 ikaja kumlinda asiandikishwe kwa lazima mtoto pekee aliyebaki kwenye nyumba iliyopoteza watu vitani. Lakini anayejipeleka mwenyewe anajipeleka, na nyinyi mnajipeleka.

Sasa la kwetu. Wajomba zako wawili unawajua kwa majina, habari yao sikuwahi kukupa yote. Vita vya 1998 vilipotukuta Fizi, kwetu Kongo, mkubwa alishikwa njiani akitoka sokoni, akabebeshwa risasi, kisha akapewa bunduki. Mdogo aliwafuata vijana wa kijiji waliokuwa wakijilinda msituni. Makundi hayo mawili yakaja kupigana, zaidi ya mara moja. Mkubwa alitoroka, akavuka ziwa, akatukuta Nyarugusu, kambi ya wakimbizi Tanzania. Ndiye aliyekufundisha baiskeli. Mdogo hatukumwona tena. Mjomba wako hakuwahi kusema kama aliwahi kumlenga mtu aliyefanana naye, na mama yangu hakuwahi kumwuliza. Kila jioni alimpakulia chakula akamkalia karibu mpaka amalize.

Kwa hiyo usidhani nakuambia kutengana ni dawa. Kutengana nakujua. Lakini mama yangu alibaki na mmoja wa kumpakulia.

Na mzee yule alinipa jambo moja ambalo watu hawalisemi sana. Ndani ya Juneau hiyo hiyo walikuwamo ndugu wengine, wanne, wa ukoo wa Rogers kutoka Connecticut. Nao walikuwa wamekaa pamoja. Muda mfupi kabla ya vita ile, wawili kati yao, Joseph na James, wakahamishiwa meli nyingine. Patrick na Louis wakabaki, wakafa. Nyumba yao ililia wawili, ikabaki na wawili. Nimelala na hesabu hiyo siku tatu.

Najua mtakavyonijibu. Kwamba hakuna vita kubwa sasa, kwamba mnataka shule ilipwe, kwamba nchi hii ilitupokea na mnataka kurudisha kitu. Nimesikia yote, na la mwisho siwezi kulibisha. Hata mimi huwa nalisema kanisani. Mdogo wako hatakubali kuachwa nawe, hilo pia nalijua, tangu mtoto alikuwa akikushika shati kwa nyuma ukienda bombani kuchota maji. Wewe ndiye utakayemwambia. Mimi akinisikia atasema mama anaogopa.

Fomu nimeirudisha chini ya mkebe wa chumvi, haina jina langu. Kikaratasi cha njano nimekitoa. Mwende tena kwa yule afisa, muulize inavyoandikwa ombi la ndugu kuwekwa mbalimbali, mniletee kwa maandishi. Mkija nayo, kalamu iko kwenye mfuko wa mbele wa mkoba wangu.

Sombe iko kwenye friji, bugali mtasonga wenyewe. Msiniamshe kabla ya saa tisa.

Mama yako