Magesa, kabla hujamwaga zege

Mabatini, Mwanza

Rafiki yangu Magesa,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Nimefurahi sana kusikia umepata tenda ya ile ghorofa hapo Musoma. Bei za nondo na saruji ulizouliza nimekuandikia kwenye karatasi ya pili. Hapa nataka tuongee habari za vijana wako.

Usiwaingize kwenye zege na kandambili. Unakumbuka sisi wenyewe kule Bwiru, tulivyokanyaga zege peku tukijisifu miguu imekomaa? Mwezi uliopita tulimwaga slabu Capri Point. Saidia fundi mmoja alivaa gambuti iliyotoboka, zege likamwingia, akabeba karai mpaka jioni bila kusema kitu. Saruji mbichi haiumi papo hapo, inakula ngozi polepole. Alipovua soksi, ngozi ya kifundo ilitoka nayo. Hadi leo anachechemea, na kibarua asipofika saiti hana ujira. Gambuti ile nilimpa mimi, Magesa. Tundu niliiona, nikasema itamaliza siku.

Kwa hiyo kila mmoja apate gambuti nzima ya saizi yake na glavu za mpira. Za kitambaa hazifai, zikilowa zinashikilia saruji kwenye ngozi. Weka pipa la maji safi karibu. Zege likimwingia mtu, avue hapohapo aoshe kwa maji mengi. Helmeti iliyoangukiwa na tofali itupe, hata kama huoni ufa. Wa juu wafunge mikanda kwenye kitu imara, si kwenye mirunda. Na wanaopasua mawe ya msingi wamwagie jiwe maji kwanza na wavae barakoa nzuri, maana vumbi lile linakaa kifuani miaka na miaka.

Gharama hizi ziingize kwenye makisio kabla hujasaini. Usiwakate vijana kwenye posho. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imeuweka mzigo huo kwa mwajiri, na safari hii mwajiri ni wewe.

Nipigie unitajie saizi za miguu yao, mmoja mmoja. Nitanunua huku na kukutumia kwa basi la Jumamosi.

Rafiki yako,
Masanja