Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Umoja wa Wafugaji wa Kambale, Hombolo

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vinne, mafunzo ya siku mbili, ukarabati wa uzio, ziara ya Mtera. Sitazirudia.

Niende kwenye lililoleta maneno. Mwezi Juni nilisimamisha uzalishaji wa vifaranga hadi Septemba, na shilingi 780,000 za chakula cha samaki wakubwa nikazipeleka kwenye pampu ya hewa, turubai na makopo ya atemia, vijidudu vya majini vya kulishia vifaranga. Vijiweni ikasemwa mwenyekiti kala hela. Risiti anazo mhazini, na yeyote aende akazione.

Mkumbuke mwezi Mei. Alfajiri moja nilikuta utando wa kijivu chini kabisa ndani ya tangi la tatu, nikadhani ni maganda ya mayai. Nilipochota kwa kikombe, kumbe ni vifaranga wa siku ya tano, matumbo yamebonyea. Hakuna aliyewaloga wala kuwawekea sumu. Kifaranga wa kambale akishaanguliwa huishi kwa kiini cha yai kama siku tatu. Kikiisha anataka chakula kidogo sana, tena kilicho hai. Sisi tukammwagia pumba. Pumba ikaoza, amonia, gesi inayoua samaki, ikapanda majini. Mtaniambia kambale hupumua hewa, hafi kirahisi. Huyo ni mkubwa! Kifaranga kiungo chake cha kupumulia hewa hakijakomaa wiki mbili za mwanzo, anategemea oksijeni ya majini tu. Tena yeye anataka maji ya nyuzi 25 hadi 30, na baridi ya usiku wa Dodoma kuanzia Mei mnaijua wenyewe. Waliopona, wakubwa wakawameza wadogo, kwa sababu hatukuwachambua kwa ukubwa.

Mnauliza kwa nini sikungoja mkutano. Niliuitisha mara mbili. Kati ya wanachama 46 walikuja 11, akidi haikutimia. Niliamua mwenyewe, na Septemba nililala bandani usiku tisa nikilinda pampu. Oktoba tuligawa vifaranga 4,200 wa wiki nne. Hatukuwahi kufika hapo.

Ada inaniumiza zaidi. Waliolipa ni 17. Wengine 29 hawajatoa hata senti, na baadhi yao ndio waliokuwa wa kwanza kudai vifaranga. Umoja hauwezi kununua atemia kwa maneno.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tunatarajia kuezeka banda, kupata kipimajoto kwa kila tangi, na pengine mfadhili.

Mwenyekiti