Zai, kuhusu ile masta ya HR

Zai shoga yangu,

Nisamehe, meseji yako nimeisoma toka Jumatano nikasema ntajibu nikitulia, sasa kutulia kwenyewe ndo saa tano hii ya usiku watoto wamelala na feni inalia kama mashine ya kusaga.

Umeniuliza usome masta ya HR, hii ya usimamizi wa rasilimali watu, au uache. Soma. Ila sio kwa sababu uliyoniandikia, eti ukimaliza tu bosi anakupandisha cheo. Mi nilipeleka cheti ofisini wakakitoa kopi, wakakitia kwenye faili langu, hongera, basi. Mshahara uleule mwaka mzima na miezi mitatu juu.

Kilichonibadilisha ni somo la sheria za kazi. Yani miaka sita naandika barua za kuachisha watu kazi kwa kukopi ya zamani nabadilisha jina na tarehe, najiona HR kweli kweli. Siku mwalimu anatufungulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 37, jasho lilinitoka. Kumbe hata kama mtu kaiba kweli, sababu peke yake haitoshi, utaratibu nao uwe wa haki, apewe tuhuma zake, apewe muda wa kujiandaa, aje na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi wa kumsaidia kujitetea. Nikamkumbuka dereva wetu mmoja, tulimwita saa tatu asubuhi, saa nne na nusu barua mkononi. Akaenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya zile siku 30 za kufungua malalamiko, tukashindwa, na barua niliandika mimi. Nikikutana nae Mbagala ananisalimia vizuri tu, hilo ndo linaniuma.

Afu baadae ikaja kesi ya mtunza stoo, bosi anataka aondoke siku hiyo hiyo. Nikasema hapana, tuanze na barua ya tuhuma. Alinuna huyo! Mwanasheria akapigiwa simu akasema huyo dada yuko sahihi. Umeneja niliupata baada ya pale, cheti kilikuwa kwenye faili siku zote hizo hakuna aliyekiuliza.

Kazi usiache. Hapo Mbeya Chuo Kikuu Mzumbe wana kampasi, uliza ratiba zao, Chuo Kikuu Huria nao unasomea nyumbani ila nakujua wewe na tamthilia zako. Utafiti chukua kitu cha ofisini kwenu unachokijua, mfano kwa nini walinzi hawakai. Mi nilijifanya na mada kubwa, supavaiza akanirudisha mara nne, pembeni kwa wino mwekundu kaandika neno moja tu, "Kwahiyo?" Nililia bafuni shoga.

Ada omba ulipe kwa awamu, na kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali, usiwasogelee hata wakikubembeleza vipi. Mwambie shemeji kabla hujachukua fomu sio baada, umenielewa. Na ule mchele wa Kyela uliosema unatuma na basi, mbona kimya?

Wako,
Mama Nuru