Usiiache kazi hiyo

Chumbageni, Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, mama mzima, Bi Kiza kila siku aniuliza utarudi lini. Mitihani ilinibana nikashindwa kukuandikia, ila ujumbe wako wa juzi haukubali kungoja.

Eti unaacha vipimo vya leza kwa sababu "ni kutazama tu". Hapana, Mwanaidi. Nilipowaeleza kidato cha sita kazi yako, kijana mmoja aliuliza: "Madam, wanajuaje ya ndani ya kisahani bila kukipasua?" Nikamwambia kisahani cha semikondakta, ile mata ya kutengenezea chipu na leza, huoteshwa tabaka juu ya tabaka, mengine ya nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na ukikikata ili ukijue, umeshakiharibu. Nyinyi mnakimulika kwa mwanga wa kijani, elektroni zake zinapanda ngazi ya nishati, zikishuka zinatoa mwanga wao wenyewe. Ni kama bibi yako wa Pangani alivyoliinua yai mbele ya taa kabla ya kumwekea kuku alalie.

Darasa zima lilinyamaza kusikiliza. Galiamu aseniaidi tupu, semikondakta mojawapo, hung'aa kwa mwanga wa urefu wa wimbi karibu na nanomita 870. Tabaka la katikati likiwa jembamba zaidi, kilele cha grafu ya mwanga huo husogea kwenye mawimbi mafupi. Kilele kikiwa kipana mno, huenda tabaka halikutoka sawa. Mwanga ukififia, pengine kuna kasoro inayoigeuza nishati kuwa joto. Na yote hayo kabla kisahani hakijatiwa hata waya mmoja!

Bado nipo hapohapo kwenye kutazama. Leza za semikondakta za mwanzo zilizowaka mfululizo katika joto la kawaida, mwaka 1970, zilikufa upesi. Walioichunguza sababu waliona mistari myeusi ikikua ndani yake. Waliiona kwa macho yaliyotulia kama yako. Leo nyaya za baharini zinazoingia Dar hupitisha mwanga wa leza, wa nanomita 1550 hivi, na ujumbe wako pengine umepita humo.

Nina ombi: nitumie grafu mbili, ya kisahani kizima na ya chenye kasoro, niwaonyeshe wanangu. Kipande chenyewe usitume, kina aseniki, ambayo ni sumu, sitaki wakishikeshike.

Sasa niambie kweli. Ni kazi iliyokuchosha, au ni baridi na upweke? Profesa umeshamwambia? Salma anajua? Kuna mtu wa kula naye hata siku za Jumapili? Na ukiacha, utashika nini? Nijibu kabla hujasaini karatasi yoyote.

Wako,
Zaituni